Lori Lako Linachemsha Lini?

Kati ya maswali yote yanayonifikia kutoka kwa wenye malori ya zamani, hili halipiti wiki bila kurudi: "Gari linachemsha. Fundi ameshusha hedi, ameweka gasketi mpya, na bado linachemsha. Nifanyeje?" Wengine wameshashusha hedi mara mbili, wengine mara tatu. Pesa ya mzigo imeishia gereji, dereva hana safari, na mwenye mali ameshahamia lori la mtu mwingine.

Mimi huanza kwa kumuuliza huyo mtu swali, na nawe naomba uanze nalo: linachemsha lini? Kwenye foleni au mlimani? Dakika tano baada ya kuwasha au baada ya saa mbili? Likiwa tupu au likiwa na mzigo? Geji hupanda taratibu au huruka ghafla? Ukiweza kujibu hayo bila kubahatisha, nusu ya kazi imekwisha, na hakuna spana iliyotoka kwenye boksi.

Nazungumzia malori ya dizeli ya miaka ya 1980 na 1990, haya Fuso, Isuzu na Scania za zamani ambazo bado zinabeba mahindi, mbao na saruji kila siku. Mengi hayana kompyuta ya kukuambia kilichoharibika. Ila kila kitu chake kinaonekana na kinashikika, na mtu mwenye subira anaweza kuutafuta ugonjwa kwa macho na mikono yake.

Kama limechemsha sasa hivi, uko barabarani

Soma hapa kwanza, mengine utayasoma ukifika nyumbani.

- Ondoa mguu kwenye mafuta, punguza gia, tafuta pa kuegesha. Kama kabini ina hita, ifungulie yote. Hiyo nayo ni rejeta ndogo.
- Kama geji imepanda lakini maji bado yamo, hakuna mvuke wala taa ya oili, usizime papo hapo. Acha injini iungurume taratibu dakika mbili tatu, maji yaendelee kuzunguka na tabo ipoe.
- Kama mpira umepasuka, maji yamemwagika au taa ya oili imewaka, zima mara moja. Kila dakika unayoongeza hapo unailipia kwa pistoni na laina.
- Weka kabari au mawe kwenye magurudumu, weka pembetatu mbele na nyuma. Ukiondoka, yaondoe mawe barabarani. Jiwe lililoachwa kwenye kona ya mlima Kitonga limemtoa mwenzako njiani usiku.
- Usifungue kifuniko cha rejeta. Subiri nusu saa, ikibidi saa nzima. Bonyeza mpira wa juu: kama ni mgumu kama tairi lililojazwa, bado. Ukiwa laini na unashikika, weka tambara nene, geuza kifuniko hadi kituo cha kwanza, acha kipumue, ndipo umalizie. Simama pembeni, uso usiwe juu ya mdomo wa rejeta.
- Usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, ndani wala nje. Chuma cha hedi hupasuka hivyo. Ikipoa, washa, kisha ongeza maji kidogo kidogo injini ikiwa inaunguruma.

Najua utasema mzigo ni nyanya, saa nzima ni nyingi. Nimewaona waliookoa saa hiyo, na nimewaona wamefungwa bandeji mikononi na shingoni. Kijana wako wa utingo ndiye atakayetumwa kufungua kile kifuniko. Mlinde kama mwanao.

Geji nayo husema uongo

Kabla ya kuamini kwamba gari linachemsha, hakikisha ni kweli. Sensa ya joto ikichoka, au waya wake ukigusa bodi, mshale hupanda hata injini ikiwa sawa. Siku hizi kipimajoto cha bunduki kinapatikana mjini. Elekeza kwenye nyumba ya themostati ulinganishe na geji. Huna? Geji inasema moto lakini mpira wa juu unashikika na mkono, basi shuku geji au themostati kwanza, usiishuku hedi.

Uongo wa hatari ni ule wa kinyume. Sensa imetengenezwa kukaa ndani ya maji. Maji yakiisha, inabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Kwa hiyo geji iliyopanda sana kisha ikaanguka yenyewe mlimani isikufurahishe. Simama, angalia maji.

Majibu ya "lini" yanakupeleka wapi

- Linachemsha kwenye foleni, likitembea linapoa: tatizo ni upepo. Feni, klachi ya feni, mkanda uliolegea, kava la feni lililovunjika au kutupwa.
- Linachemsha mlimani au kwa mwendo mrefu na mzigo, kwenye foleni halina neno: tatizo ni mzunguko wa maji au joto la ziada. Rejeta iliyoziba ndani, mpira wa chini, wota pampu iliyolika, breki zinazoshika, pampu ya dizeli iliyofunguliwa kupita kiasi.
- Linachemsha dakika chache baada ya kuwasha asubuhi: themostati imeganda ikiwa imefunga, maji hayatoshi, au gesi ya silinda inaingia kwenye maji.
- Geji inaruka juu na kushuka: kuna hewa ndani. Uliza imeingiaje.
- Linapoteza maji bila kuchemsha: tafuta uvujaji, usihangaike na kingine.

Hili la pampu ya dizeli nalisisitiza, maana linafanywa kwa makusudi. Mtu anataka lori lipande haraka, fundi anazungusha skrubu, moshi mweusi unatoka, gari "lina nguvu". Dizeli hiyo ya ziada ni joto, na rejeta ya miaka thelathini haikuandaliwa kulibeba. Kama lori lilianza kuchemsha wiki ile ile pampu iliposhikwa, hujabakiwa na la kutafuta.

Na uendeshaji nao umo. Feni na wota pampu vinazungushwa na injini yenyewe. Dereva anayeng'ang'ania gia kubwa mlimani, injini ikikoroma kwa mizunguko michache huku mguu umezama, anadai kazi kubwa huku upepo na maji vikienda kwa uvivu. Shusha gia moja mapema, punguza mafuta kidogo, uone mshale.

Anza nje, kwenye vitu vya bei rahisi

Injini iwe baridi. Mpangilio huu ni wangu wa miaka mingi, na sababu yake ni moja: vya bure kwanza.

Maji. Fungua uangalie kwa macho. Chupa ya pembeni inaweza kuwa imejaa na rejeta tupu. Angalia rangi: kutu nyekundu, matope, malai ya oili, kila kimoja kina habari yake.

Kifuniko. Hiki watu hukidharau mno. Pwani maji hugeuka mvuke kwenye nyuzi 100. Iringa mjini, mita kama 1,600 juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9 hubana maji yakaweza kufika karibu nyuzi 118 kabla ya kuchemka, ukipimia pwani. Kilicholegea springi au kupasuka mpira kinakunyang'anya nyuzi hizo zote, na lori linaloishi salama Dar es Salaam linaanza kutapika maji likipanda hadi Makambako. Soma namba iliyoandikwa juu yake na nunua yenye namba hiyo hiyo. Kubwa zaidi inapasua rejeta kuukuu. Kisha angalia kile kivalvu kidogo cha katikati: kivute, kirudi chenyewe. Kikiganda, asubuhi utakuta mpira wa juu umenywea.

Mkanda wa feni. Bonyeza katikati kwa kidole gumba kwa nguvu. Kwa malori mengi hushuka milimita 10 hadi 15. Ukishuka zaidi, unateleza. Mkanda uliong'aa pembeni kama kioo umeshateleza siku nyingi, kuukaza hakutausaidia.

Klachi ya feni. Injini imezimwa na ni baridi, zungusha feni kwa mkono. Inapaswa kuwa nzito kidogo na kusimama mara ukiiachia. Ikizunguka raha mizunguko kadhaa kama pia, au ukiona mafuta mazito yametapakaa kwenye kitovu chake, imekufa. Wapo wanaoichomelea iwe imefunga moja kwa moja. Itakufikisha nyumbani, lakini ukiizoea inakula dizeli na kulemea beringi za wota pampu.

Uso wa rejeta. Mulika tochi kutoka nyuma. Usipoona mwanga, upepo nao haupiti. Panzi, makapi ya mpunga, vumbi lililochanganyika na oili. Osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, maana mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu inalaza mapezi yote na umejiongezea tatizo. Kama kuna rejeta ya hewa ya tabo mbele yake, uchafu hujificha katikati ya hizo mbili. Zitenganishe.

Mpira wa chini wenye siri

Kuna lori moja la tani kumi nililoitiwa Ruaha Mbuyuni, limebeba vitunguu, limeshindwa Kitonga mara mbili wiki hiyo. Gasketi ilikuwa mpya. Rejeta ilikuwa imetoka kuzibuliwa. Fundi aliyelihudumia alishampigia mwenye gari simu: "Bosi, hapa ni bloku imepasuka, tutafute injini." Dereva, mzee wa makamo mwenye adabu zake, aliniambia jambo moja tu, "Mwanangu, kwenye tambarare halinisumbui kabisa. Nikianza mlima nikazamisha mafuta, mshale unaondoka."

Tulipindua kabini tukaifunga kwa nondo yake. Injini ilipopata moto nikavuta mkono wa pampu ya dizeli taratibu, macho yangu yakiwa kwenye mpira wa chini, ule unaotoka chini ya rejeta kwenda kwenye wota pampu. Mizunguko ilipokaribia 2,000 ukaanza kunywea. Ukabonyea katikati, kisha kuta zake zikashikana kabisa, kama mashavu ya mtoto anayenyonya embe. Nikaachia mkono, ukarudi kama haukuwa na neno.

Mpira ule ndio upande ambao pampu inanyonya. Ndani yake kiwandani huwekwa springi ya waya ili usinywee. Tulipoufungua tukakuta vipande viwili vya waya vilivyoliwa na kutu, vingine vilishasafiri na maji kwenda kujibana kwenye rejeta. Injini ikizimwa hakuna anayeweza kuuona ugonjwa huu. Ulibadilishwa mpira mmoja, rejeta ikasafishwa tena kutoa vile vipande, na vitunguu vikapanda.

Kwa hiyo: angalia mpira wa chini injini ikiwa ya moto na inavuma, siyo ikiwa imelala. Ukinunua mpya usiotiwa springi wakati wa zamani ulikuwa nayo, urudishe dukani. Na unapochungulia injini inayovuma, shuka, kitenge, kamba ya sweta na mikono mirefu viwe mbali na feni.

Themostati: mrudishe mlinzi mlangoni

Hapa nitawaudhi mafundi wengi, lakini nalisema kwa sababu naona madhara yake kila mwezi. Ukisikia "tumeitoa themostati, nchi hii ni ya joto, haina kazi", usikubali.

Injini nyingi za malori zina njia ya mkato ya maji: injini ikiwa baridi, maji yanazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta. Themostati ikifunguka, sahani yake ya chini inaziba hiyo njia ya mkato. Ukiitoa, njia inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi ndani ya injini bila kupozwa. Unatoa kifaa ili gari lipoe, mlimani linazidi kuchemsha. Na huku Mafinga asubuhi linatembea baridi, oili haifiki joto lake, na laina zinalika mapema.

Kuipima ni kazi ya jikoni:

- Ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji bila kugusa kitako, weka na kipimajoto.
- Pasha taratibu. Namba yake imeandikwa mwilini, kwa malori mara nyingi 76.5 au 82. Ianze kufunguka karibu na hapo.
- Maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka karibu milimita 10.
- Ipoze, ifunge tena yenyewe.

Zikiwa mbili, badilisha zote mbili.

Ndani ya rejeta

Vua mipira yote miwili, mimina ndoo ya maji juu. Yatoke chini kwa kasi ile ile unayomiminia. Yakijaa na kufurika, mirija imeziba. Njia nyingine: gari limetoka kuchemka, limezimwa, feni imesimama, pitisha kipimajoto cha bunduki kwenye uso mzima wa rejeta. Sehemu ya baridi katikati ya joto ni mirija isiyopitisha.

Imezibwa na nini? Mara nyingi na sisi wenyewe. Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha magadi ndani kama yanavyofanya kwenye birika. Bizari, pilipili na mayai yanayotiwa kuziba uvujaji hayachagui tundu, yanaziba na mirija mizima. Na fundi rejeta akikufungia mirija sita iliyovuja kwa risasi, anakurudishia rejeta ndogo kuliko uliyompelekea. Uliza ameziba mingapi. Ikiwa mingi, nunua moyo mpya wa rejeta.

Kabla hujakubali hedi ishushwe

Sasa tufike kwenye hofu yenyewe. Dalili zinazotajwa sana ni mapovu kwenye rejeta na oili kwenye maji. Zote mbili zinaweza kutoka mahali pengine.

Kwa mapovu: injini ya baridi, jaza rejeta pomoni, acha kifuniko wazi. Kama wota pampu inazungushwa na mkanda, uvue, washa kwa dakika moja tu, tazama. Maji yametulia, huna gesi inayoingia. Yanatoa mapovu mfululizo, ipo. Lakini lori lako lina breki za upepo? Kompresa yake mara nyingi hupozwa na maji haya haya ya injini, na gasketi yake ikiungua husukuma hewa kwenye rejeta vile vile. Kama kompresa inazungushwa na gia, haitasimama kwa kuvua mkanda. Hapo rudisha mkanda, acha mtungi wa upepo ujae mpaka ukisikia ile "pshhh" ya kukata. Mapovu yakikoma hapo, kisha ukanyage breki upepo ushuke na mapovu yarudi, mwenye kosa ni kompresa. Hedi haina hatia.

Kwa oili kwenye maji: malori mengi yana kipoza oili, mafundi hukiita oili kula, kilichokaa ubavuni mwa bloku ndani ya maji. Injini ikivuma, oili ina msukumo mkubwa kuliko maji, hivyo kikitoboka oili ndiyo inayohama. Utakuta rejeta ina uji wa kahawia, oili kwenye kijiti inapungua, lakini hakuna mapovu na injini inavuta vizuri. Kipimwe hicho kwanza.

Dalili zinazonifanya nikubali kwamba ni hedi:

- Mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya dakika moja ya kuwasha injini ya baridi.
- Mapovu yanaendelea hata kompresa ikiwa imekata upepo.
- Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikiwa ya moto, na maji yanapungua bila tone chini.
- Oili kwenye kijiti imekuwa kama maziwa. Hapo usiwashe tena.

Ikishushwa, simamia mwenyewe. Hedi ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na fila, ipimwe kwa maji ya msukumo kutafuta ufa, hasa kati ya valvu. Ikiskimiwa, uliza imetolewa kiasi gani na kitabu cha injini hiyo kinaruhusu kiasi gani. Laina zipimwe zimechomoza kiasi gani juu ya bloku. Bolti zikazwe kwa toki renchi, kwa mpangilio wa kitabu kuanzia katikati. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itaungua tena, na wewe utanirudia na swali lile lile.

"Maji tu hayatoshi?"

Hili nalo huulizwa sana: kwetu hakuna barafu, kulanti ya nini? Ni kwa ajili ya kutu. Na kuna ugonjwa mwingine: laina zinazoguswa na maji hutetemeka dizeli inapolipuka, mapovu madogo yanapasuka juu ya chuma na kukichimba hadi kutoboka. Kulanti iliyotengenezwa kwa dizeli nzito inaweka ngao hapo. Changanya nusu kwa nusu na maji laini, ya mvua yaliyochujwa au ya betri. Usichanganye aina mbili kwa kuangalia rangi tu, soma maandishi. Na usiimwage ovyo: ni tamu na ni sumu, mbuzi, mbwa na watoto wataionja.

Unapojaza, egesha pua ya lori ikiwa juu kidogo, fungua hita, legeza skrubu ya kutolea hewa kama ipo, mimina polepole. Hewa iliyobaki ndani ndiyo inayomfanya mtu aamini kazi nzuri imeharibika.

Siku ya kujaribu

Usijaribu ukiwa na mzigo wa mtu. Nenda na lori tupu kilomita ishirini, rudi, gusa vitovu vya magurudumu yote. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, breki yake inashika. Kisha nusu mzigo, kwenye mlima ule ule uliokusumbua. Dereva aandike kwenye daftari: saa, mahali, gia, mshale uko wapi. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua kifuniko uangalie maji yameshuka kiasi gani. Hewa iliyokuwa imejificha hushusha kidogo siku ya kwanza, ongeza. Yakishuka tena siku ya tatu, rudi kwenye orodha ya "lini" na daftari lako mkononi, na usimruhusu mtu yeyote ashike hedi kabla ya kulisoma.